Muulize Babu Karani: Seremala wa vidole saba

SWALI: Shikamoo Babu Karani. Mimi ni mbeba magunia hapa Mtwara. Msimu wa korosho nashinda ghalani, nje ya msimu nashika chochote kinachopita. Toleo lililopita, ulipomjibu yule bwana wa Newala aliyeumia kazini, ulichomekea habari ya seremala mweusi wa Uingereza aliyepoteza vidole vitatu, akaendelea kucheza raga, ule mchezo wa kukimbia na mpira mikononi, na hela ya mchezo akaja kuionja utu uzima umeshamkuta. Wenzangu ghalani wamecheka mpaka wakakaa chini. Wanasema Babu katutungia. Tumewekeana kreti ya soda. Nitajie mtu huyo ni nani.

Halafu kuna langu. Nacheza beki wa kulia timu ya kata. Siku ya mechi ya ugenini nakosa kibarua, na siku njema ya msimu naondoka na shilingi 15,000. Nilimwomba mwenyekiti wa timu anifidie hata nusu. Akanijibu mbele za watu, "Ukitaka hela nenda Yanga, hapa tunacheza kwa mapenzi." Wote wakacheka, nami nikacheka nao, lakini usiku sikulala. Nilikosea kuomba?
Beki wa Kulia, Mtwara

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kreti ni yako, ila uniwekee chupa moja ya tangawizi.

Jina lake James Peters, wenyewe wakimwita Jimmy. Habari zake nilizipata kwa mpangaji wangu. Miaka ile ya ujenzi wa bomba la gesi nilimpangisha chumba cha uani, hapa Shangani, fundi mchomeleaji kutoka Barrow, mji wa kuundia meli huko kaskazini-magharibi ya Uingereza. Jioni tukikaa barazani na pweza wetu, bwana yule hakuwa na hadithi nyingine zaidi ya raga. Siku moja nikajitia ujuzi, nikamwambia raga naifahamu, ni ile ya watu 15. Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Kwetu ni 13!" Tangu hapo ikawa darasa la kila jioni, na mimi ukarani umenifunza kuandika kila kitu.

Peters alizaliwa Salford, jirani na Manchester, mwaka 1879. Baba yake alitoka visiwa vya Karibi, mama yake alikuwa Mwingereza mweupe wa Shropshire. Kazi ya baba ilikuwa kuchezesha simba kwenye maonyesho, na simba haohao ndio waliomuua. Sisi wa huku, ambao ndugu zetu wa vijiji vya Lindi wamefuatwa na simba juu ya dungu wakilinda mashamba, jambo hilo hatuhitaji kuchorewa picha. Mtoto akapelekwa kwenye sarakasi nyingine, akawa anapanda farasi bila tandiko. Akavunjika mkono. Farasi wa sarakasi akivunjika mguu unajua anafanywa nini. Mtoto yeye waliachana naye tu, ana miaka kama 11. Akalelewa kwenye makao ya yatima London, na humo ndimo alimopata vitu viwili vilivyomweka mjini maisha yake yote: michezo na ufundi. Alijifunza uchapaji na useremala.

Mwaka 1898 akahamia Bristol, akawa anatengeneza mbao siku za kazi na kucheza raga mwisho wa juma. Alipoanza kupangwa timu ya mji, mjumbe mmoja wa kamati alijiuzulu kwa hasira ya kuona mtu mweusi amevaa jezi yao. Peters hakujiuzulu. Baadaye akahamia Plymouth, akaichezea Devon, na tarehe 17 Machi 1906 akaingia uwanjani na jezi ya Uingereza dhidi ya Uskoti. Hakuna mweusi aliyemtangulia kwenye jezi hiyo, na wa kumfuata hakupatikana mpaka mwaka 1988, Chris Oti.

Oktoba ya mwaka uleule ikaja timu ya Afrika Kusini kucheza na Devon mjini Plymouth. Walipomwona Peters wakagoma kutoka chumbani. Watu wamejaa uwanjani wanapiga kelele, wao wamekaa ndani. Ilibidi balozi wao aingie kuwabembeleza ndipo wakatoka. Mechi ikachezwa. Lakini Desemba, timu ya taifa ya Uingereza ilipokutana na hao hao, jina la Peters halikuwamo. Kwa jumla aliichezea Uingereza mara tano, ya mwisho mwaka 1908 dhidi ya Wales.

Sasa sikia, maana hapa ndipo unapoingia wewe. Mara zote hizo tano, na zote za Devon na za Plymouth, kwa kanuni ilikuwa ni kwa mapenzi. Raga ya watu 15 ilikuwa ya ridhaa, na mchezaji akipokea hata senti anafungiwa. Peters aliishi kwa mikono yake, akifanya kazi kwenye yadi ya meli za kivita Devonport. Karibu mwaka 1910 akapata ajali huko yadi, vidole vitatu vikaenda. Watu wakasema basi, mpira kwaheri. Akarudi uwanjani.

Hapa mimi nilimkatalia mpangaji wangu. Nikasema haiwezekani, mpira ule umechongoka kama yai, mtu wa vidole saba ataudakaje ukija na kasi? Juzi kabla ya kukujibu nikajaribu mwenyewe. Nilikunja vidole vitatu vya mkono mmoja nikavifunga na kitambaa, nikamwambia mjukuu anirushie papai bichi kutoka kwenye ngazi. La kwanza likanipita. La pili likagonga kiganja likaanguka. La tatu nililipata, ila si kwa viganja: nililikumbatia kifuani kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kumbe mkono hauhitaji kuwa kikombe ikiwa kifua kinatangulia. Jirani alipita akanisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa.

Mwaka 1912 chama cha raga ya ridhaa kilimfungia Peters pamoja na wenzake wa Devon katika sakata la malipo. Mwaka 1913 akafunga mizigo akaenda kaskazini kwenye raga inayolipa, ile iliyokuwa na watu 13, akasajiliwa na Barrow, timu ya mpangaji wangu. Alikuwa na miaka 34. Mwaka uliofuata akahamia St Helens, na baada ya hapo akaacha. Akarudi Plymouth kwenye mbao zake, akafa huko mwaka 1954. Maisha yake ya kulipwa hayakufika hata misimu miwili kamili.

Mwaka huohuo wa 1913, klabu ya Hull ilimnunua Billy Batten kutoka Hunslet kwa pauni 600, kiasi ambacho hakuna aliyewahi kulipiwa katika mchezo huo, na ikamlipa pauni 14 kwa mechi moja. Kwa hiyo hela ilikuwepo, ila Peters aliifikia vidole vimeshaenda na magoti yameshachoka.

Raga hiyo ya kulipwa ilianzaje? Ilianza kwa swali lako lilelile. Miji ya kaskazini ilikuwa ya viwanda vya nguo na migodi ya makaa ya mawe, na mchana wa Jumamosi ndio wakati wa mechi. Mchezaji anayesafiri ugenini ilibidi atoke mapema kazini, na aliyetoka mapema alikatwa. Vilabu vya Yorkshire, huko kaskazini, vikapeleka pendekezo kwa chama cha raga London mwaka 1893: mchezaji alipwe fidia ya muda wa kazi aliopoteza. Angalia maneno, mjukuu: walisema fidia, mshahara hawakuutaja. Kura zikapigwa, 282 zikakataa, 136 zikakubali. Waliokataa wengi wao walikuwa watu ambao Jumamosi haiwakati kitu. Ndipo tarehe 29 Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vikakutana kwenye Hoteli ya George, Huddersfield, vikajitenga na kuunda umoja wao. Fidia wakaipangia kiwango: shilingi 6 kwa siku. Ndiyo, shilingi. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20.

Na usidhani walifungua mlango wote. Mwaka 1898 waliporuhusu malipo kamili, waliweka sharti kwamba mchezaji awe na kazi yake inayojulikana, na mhudumu wa baa hakuhesabiwa mwenye kazi. Sharti hilo lilidumu mpaka 1905. Kwa hiyo mchezaji wa kulipwa wa siku zile hakuwa kama hawa wa leo wenye magari. Alikuwa mchimba makaa ambaye Jumamosi jioni ana shilingi kadhaa za ziada mfukoni, na Jumatatu alfajiri yuko shimoni.

Hukukosea kuomba. Nakwambia kwa uchungu kwa sababu mwaka 1974 mimi mwenyewe nilikuwa karani wa ghala, na mwajiri wangu, ambaye simtaji, alikuwa na timu ya wafanyakazi. Tulikwenda Lindi kucheza Jumapili ya masika, juu ya lori la kukodi. Wakati wa kurudi lori likazama kwenye matope karibu na Mingoyo. Tulilala pale, tukachimba kutwa nzima ya Jumatatu kwa mikono na matawi, Jumanne mchana ndiyo tukaingia Mtwara. Nyapara akafungua daftari la mahudhurio, akavuta mstari mwekundu mara mbili mbele ya jina langu. Siku mbili zimekatwa. Nami nilikuwa bado nimevaa jezi, imejaa tope, na kifuani kumeandikwa jina la yeye anayenikata.

Lakini nami sitakudanganya. Huddersfield na wenzake walilipa kwa sababu watu walilipa mlangoni. Timu yenu ya kata inakusanya nini? Ikiwa watazamaji wanakaa juu ya mikorosho bure, hata mwenyekiti mwema hana cha kukupa. Kwa hiyo usidai pembeni ya uwanja, dai kwenye kikao, na dai kwa karatasi: tarehe fulani, mechi fulani, kibarua nilichokosa, kiasi hiki. Waombe na wenzako wenye vibarua waandike vyao. Kisha pendekeza pa kuitoa. Nasikia ndondo za huko kwenu zawadi ni mbuzi, na mkishinda mnamchinja siku ileile. Nusu ya mbuzi ikiuzwa inalipa siku za watu watatu au wanne. Na kwa kuwa mwenyekiti ameyaleta maneno ya mapenzi, muulize kwa adabu nauli yake ya bajaji siku za mechi inatoka kwenye mfuko gani. Usiulize mbele za watu. Yeye alifanya hivyo, wewe usifanye. Wakimaliza kikao niandikie walichoamua.

SWALI: Hodi Babu Karani. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza samaki hapa Lindi. Mwanangu wa tatu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, ni winga. Amekuja mtu wa timu moja, kaweka 50,000 juu ya meza, anasema ni ya viatu, na kwamba wiki ijayo mtoto aende kambini. Karatasi yoyote hakutoa. Baba mtu yuko dago, kambi ya wavuvi, hatarudi mpaka mwezi uandame. Mtoto hali wala halali, anaitazama ile hela. Nifanyeje?
Mama Zuhura, Lindi

JIBU: Karibu Mama Zuhura. Umri huo umenikumbusha mtu mwingine wa yule mpangaji wangu. Harold Wagstaff, mzaliwa wa kitongoji cha Holmfirth, mwaka 1891. Klabu ya Huddersfield walimchukua kwa sarafu 5 za dhahabu, kila moja pauni, na mwaka 1906 akaingia uwanjani na watu wazima akiwa na miaka 15. Sijui mtoto wa miaka 15 anahisi nini akishika dhahabu tano kiganjani. Nadhani mwanao anajua.

Kwake yeye iliishia vizuri. Akawa nahodha, na msimu wa 1914–15 Huddersfield yake ilichukua vikombe vyote vinne vilivyokuwapo. Pembeni alikuwa na winga, Albert Rosenfeld, kijana wa Sydney, aliyekuwa amefunga trai 80, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, katika msimu mmoja wa 1913–14. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo.

Siku kubwa ya Wagstaff ilikuwa tarehe 4 Julai 1914, mjini Sydney, akiwa nahodha wa Uingereza dhidi ya Australia. Wakati ule hakuna kubadilisha mchezaji. Ukiumia, timu inabaki na pengo. Mmoja akaumia mguu. Mwingine akagongwa kichwa akapoteza fahamu. Douglas Clark, pande la mtu, alikuwa ameshaumia kidole gumba, akafungwa akaendelea, kisha mtulinga nao ukavunjika. Akafungwa bega, akajaribu kurudi, akashindwa, akatoka analia. Wakabaki 10 dhidi ya 13. Wagstaff akawapanga hao 10 kama mtu anayeziba mtumbwi kwa vitambaa, wakashinda 14 kwa 6. Mwezi uliofuata vita vya dunia vikaanza, naye akawa askari, akapelekwa Misri. Ni vita vilevile vilivyofika kwenu Lindi na kuua na kujeruhi maelfu pale Mahiwa mwaka 1917. Alirudi, akacheza mpaka 1925, akafa 1939 akiwa na miaka 48.

Sasa wewe usimpime mwanao kwa Wagstaff. Uingereza ya wakati ule watoto wengi wa mafundi na wachimba migodi walikuwa wameshaacha shule kabla ya miaka 15. Wako yuko kidato cha pili. Nakushauri ile 50,000 uifunge kwenye bahasha, uirudishe kwa mkono wako, na uwe na shahidi. Usiiguse hata kwa kununulia barafu ya samaki, maana ikipungua mia tano tu utaambiwa umeshamuuza mtoto. Mwambie mgeni kwamba baba yuko dago, akirudi mtazungumza, na siku hiyo aje na karatasi yenye mambo matatu: mtoto atasoma wapi akiwa kambini, akivunjika nani atamtibu na kwa muda gani, na akitaka kuondoka ataondokaje. Mtu mwenye nia atarudi. Asiporudi, mwanao atalia wiki moja. Viatu mnunulie wewe, hata vya mtumba, ili asione kwamba umemnyima mchezo.

Na mwezi ukiandama, mzee akirudi, usimpokee na habari hiyo kabla hajala.

SWALI: Shikamoo Babu. Raga ya watu 13 na ya watu 15 zinatofautiana nini? Na ile ya 15 mpaka leo hawalipwi?
Mwanafunzi, Nachingwea

JIBU: Marahaba. Baba yao mmoja, mama mbalimbali. Waliojitenga walitaka mchezo ukimbie, watazamaji walipe tena wiki ijayo. Mwaka 1897 wakafuta ule mtindo wa kupanga mistari miwili na kurushiwa mpira ukitoka nje. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili uwanja upate nafasi. Ukikabwa ukaanguka, hamrundikani juu ya mpira; unaachiwa usimame, unauweka chini, unauvuta nyuma kwa kisigino, mchezo unaendelea. Siku hizi mnaruhusiwa kukabwa mara sita, kisha mpira unakwenda kwa wapinzani.

Wale wa 15 waliruhusu malipo Agosti 1995. Hesabu mwenyewe kutoka ule mkutano wa hotelini.

Ukitaka kujaribu, mpangaji wangu aliniachia mpira mmoja. Umeisha upepo, uko juu ya kabati, ndiyo maana juzi nikatumia papai. Ukija Mtwara na pampu, na sindano yake, ni wako.